Kuandaa antijeni ya rozi bengali kwa kipimo cha ugonjwa wa kutupa mimba: mwongozo kamili kwa maabara ndogo za Tanga

Mfugaji wa Pongwe ambaye mtamba wake ametupa mimba ya miezi saba hana haja ya kujua antijeni ni kitu gani. Anachotaka ni kuambiwa kama mnyama huyo ana bruselosi, yaani ugonjwa wa kutupa mimba, kwa sababu jibu hilo ndilo litakaloamua kama mtamba atabaki bandani au atakwenda kwa mchinjaji, na kama watoto waliokuwa wakinywa maziwa mabichi wapelekwe hospitali ya Bombo kuangaliwa. Tangu miaka ya 1980 Tanga imekuwa mkoa wa ng'ombe wa maziwa wa wafugaji wadogo, wengi wao wakiwa na ng'ombe wawili au watatu tu nyuma ya nyumba, na kwa mtu wa namna hiyo mtamba mmoja ni nusu ya mali yake. Kwa hiyo kosa letu la dakika moja juu ya kigae cheupe tunachopimia ni kosa kubwa mno nyumbani kwake.

Mwongozo huu unahusu chupa moja ya majimaji ya rangi ya waridi, yaani antijeni yenyewe, na namna ya kuifikisha kwenye kigae ikiwa bado inasema kweli. Mafundi wengi huichukulia antijeni kama dawa iliyokwisha kuwa tayari, wakaweka uangalifu wao wote kwenye damu, ilhali kwa uzoefu wangu majibu mengi yanayoharibika huharibikia ndani ya jokofu, siku nyingi kabla sampuli yoyote haijafika.

Kilichomo ndani ya chupa

Antijeni ya rozi bengali ni bakteria wa Brucella abortus waliouawa kwa joto, wakapakwa rangi iitwayo rozi bengali, kisha wakatawanywa ndani ya majimaji yenye asidi. Aina zinazotumika ni zile zilizokubaliwa kimataifa, 99 ya Weybridge au 1119-3 ya Marekani, nazo zote ni za umbo laini, maana ganda lao la nje lina mnyororo wa sukari ambao kingamwili za mnyama aliyeambukizwa huutambua. Chembe za bakteria huwa karibu asilimia 8 ya ujazo, na uchachu wa majimaji huwekwa kwenye pH ya 3.65, ikipanda au kushuka kwa 0.05 tu. Uchachu huo una kazi yake maalumu: huzizuia kwa kiasi kikubwa kingamwili za aina ya IgM, ambazo mara nyingi hushikamana ovyo na vitu visivyohusika, na kuziachia nafasi zile za IgG1. Ukiongeza maji ndani ya chupa ili antijeni itoshe mwezi mzima, jambo ambalo nimeliona likifanywa na watu wenye vyeti, unaharibu uchachu na wingi wa chembe kwa mkupuo mmoja.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliwapata bakteria hawa kwenye wengu za askari waliokufa kwa homa kisiwani Malta, na miaka 10 baadaye Almroth Wright akaonyesha kwamba seramu, yaani majimaji yanayojitenga damu inapoganda, ya mgonjwa wa homa hiyo huwafanya bakteria washikamane na kufanya mabonge yanayoonekana. Tunachofanya leo ni kile kile, isipokuwa bakteria wetu wamekwisha kufa na wamepakwa rangi ili jicho lisipate tabu.

Hapa niseme jambo moja bila kuzunguka. Kuotesha bakteria wenyewe kwa ajili ya kutengeneza antijeni si kazi ya maabara ya wilaya, wala ya mkoa. Brucella ni miongoni mwa bakteria wanaowaambukiza wafanyakazi wa maabara kuliko wengi wengine, kwa sababu huenda hewani kwa urahisi na wachache tu wakivutwa puani wanatosha kumlaza mtu. Uoteshaji, uuaji kwa joto, uhakiki kwamba hakuna bakteria aliyebaki hai, upakaji rangi na upimaji wa nguvu hufanyika katika taasisi zenye vyumba vya usalama wa ngazi ya tatu. Kuandaa antijeni kwa upande wetu kunaanza chupa inaposhushwa kwenye basi.

Kuipokea na kuitunza

Antijeni hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi na haigandishwi kamwe. Maneno hayo yameandikwa kwenye kila lebo, lakini lebo haisemi kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni kilomita zipatazo 350, kwamba basi litasimama Chalinze na Segera juani, na kwamba anayefungasha kwa huruma atajaza barafu ngumu pande zote za chupa na kuigandisha kabla gari halijatoka mjini. Mwombe anayetuma aziache barafu za pakiti nje mpaka ziwe zimeanza kutoa jasho, yaani mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani, kisha chupa izungushiwe gazeti au boksi nene ili isiguse barafu. Ikifika, gusa chupa kwa kiganja, soma kipimajoto kama kimewekwa, andika tarehe, saa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, na uiingize kwenye jokofu kabla hujasalimiana na mtu.

Ndani ya jokofu, mlangoni pana joto kwa sababu ya kufunguliwa mara kwa mara, na nyuma kabisa karibu na bamba la barafu huganda. Weka chupa rafu ya kati, ndani ya kisanduku cha plastiki, na ujaze nafasi zilizobaki kwa chupa za maji zilizofungwa vizuri. Maji hayo si ya kunywa. Yapo ili umeme ukikatika saa mbili au tatu yashike ubaridi. Soma kipimajoto asubuhi na jioni na uandike kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, hata siku ambazo hakuna sampuli.

Nilijifunza somo la kuganda kwa aibu. Katika maabara moja niliyowahi kufanyia kazi, chupa ilisukumwa nyuma na mtu aliyekuwa akitafuta nafasi ya kuweka soda, ikalala huko usiku kucha, na asubuhi ilipoyeyuka ilionekana nzuri kabisa. Seramu 18 za kwanza zote zilionyesha mabonge. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika ripoti ya mlipuko wa ugonjwa katika kijiji kizima, ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa nimeweka seramu ya ng'ombe mzima, asiye na ugonjwa, pembeni ya kulinganishia. Nilipoiweka, nayo ikafanya mabonge. Chembe zilizoganda zikayeyuka huwa na tabia ya kushikamana zenyewe bila kuhitaji kingamwili, na jicho haliwezi kutofautisha.

Kuikagua chupa mpya

Kabla chupa haijatumika kwa sampuli ya mfugaji yeyote, ipitishe kwenye ukaguzi wa hatua kadhaa unaoweza kukamilika asubuhi moja.

Itazame kwanza. Ikikaa, chembe hushuka chini na majimaji ya juu hubaki na wekundu hafifu, jambo ambalo ni la kawaida. Ipindue taratibu juu chini mara kumi au zaidi, usiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi kwa sababu mapovu yatakusumbua kwenye pipeti, kisha iinue kwenye mwanga wa dirisha. Inapaswa kuwa na rangi moja, isiyo na punje wala nyuzi, na tone likiteremka ukutani liache utando usio na mchanga. Ukiona chengachenga ambazo haziishi baada ya kuipindua tena, isitumike.

Kisha changanya mikrolita 30 za antijeni na mikrolita 30 za maji ya chumvi ya asilimia 0.85 kwenye kigae, uitikise taratibu kwa dakika 4, na usome. Hapa hapapaswi kuonekana bonge lolote. Tone hili la maji ya chumvi halina kingamwili, kwa hiyo likifanya mabonge ujue chembe zinashikamana zenyewe na mjadala umekwisha.

Hatua ya tatu ni kulinganisha nguvu. Antijeni iliyosawazishwa kwa kiwango cha kimataifa inapaswa kujibu waziwazi pale seramu ya kiwango, yenye uniti 1,000 kwa mililita, inapozimuliwa mara 45, na isijibu inapozimuliwa mara 55. Ukifanikiwa kupata seramu ya kiwango, au ya taifa iliyosawazishwa nayo, hesabu yake ni nyepesi: mikrolita 20 za seramu kwenye mikrolita 880 za maji ya chumvi zinakupa mzimuo wa 45, na mikrolita 20 kwenye mikrolita 1,080 zinakupa wa 55. Tumia ncha mpya ya pipeti kwa kila mzimuo na uchanganye kwa kuvuta na kusukuma mara kadhaa, maana pengo kati ya 45 na 55 ni jembamba na mkono wa haraka hulifuta. Chupa inayojibu hata kwenye 55 ni kali mno na itawashitaki ng'ombe wazima. Isiyojibu kwenye 45 imelegea na itawapitisha wagonjwa.

Maabara nyingi hazina seramu ya kiwango, na sioni sababu ya kusimamisha kazi kwa ajili hiyo mradi chupa imetoka kwa mtengenezaji anayeeleweka. Fanya mlinganisho wa matoleo mawili. Chukua seramu 20 ulizozihifadhi zikiwa zimegandishwa, baadhi zenye majibu makali, baadhi hafifu, na nyingine za wanyama wazima, uzipime kwa chupa ya zamani ambayo bado haijaisha muda na kwa chupa mpya, siku moja, mkono mmoja. Zile kali na zile za wazima zitakubaliana karibu siku zote. Macho yako yawe kwenye zile hafifu, kwa sababu huko ndiko antijeni iliyochoka inakojifichua mapema. Kwa hiyo usisubiri chupa ya zamani iishe kabisa ndipo uagize nyingine.

Seramu za kulinganishia

Kila siku ya kupima unahitaji seramu tatu ambazo majibu yake unayajua: moja chanya kali, moja chanya hafifu na moja hasi. Mafundi huziita kontroli, nami nitaziita hivyo. Kit nyingi, yaani seti za kipimo zinazouzwa zikiwa tayari, huja na ile kali na ile hasi, lakini ile hafifu, ambayo kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, mara nyingi haipo. Kontroli kali itajibu hata kwa antijeni iliyopoteza nusu ya nguvu zake, ikakuacha ukiamini kila kitu ki shwari.

Kuitengeneza si kazi ngumu. Chagua seramu ya ng'ombe yenye jibu kali, iliyothibitishwa na maabara kubwa kwa kipimo kingine, na seramu nyingi ya kutosha ya ng'ombe aliyethibitishwa kuwa mzima. Zimua ile kali kwa kutumia ile ya mzima, si kwa maji, mara 2, mara 4, mara 8, mara 16 na kuendelea, kisha pima kila mzimuo mara tatu. Tafuta mzimuo wa mwisho ambao umejibu katika majaribio yote matatu, halafu urudi ngazi moja nyuma yake, ndipo utakapokuwa na jibu hafifu lakini la kuaminika. Tengeneza mzimuo huo kwa wingi, ugawe kwenye vichupa vya nusu mililita, uandike tarehe, na ugandishe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kichupa kimoja hutosha vipimo 16 hivi. Kikishayeyuka hukaa kwenye jokofu na hakirudishwi kugandishwa. Usitumie seramu za binadamu kwa kazi hii, kwa kuwa zinaweza kubeba virusi vya Ukimwi au vya homa ya ini, na seramu za ng'ombe zinafanya kazi hiyo bila hatari hizo.

Damu na seramu

Sehemu hii nitaipitia haraka kwa kuwa watu wengi wanaijua. Chukua mililita 5 hadi 10 za damu kutoka mshipa wa shingo au wa mkia, kwenye tyubu isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Iache isimame wima kivulini mpaka igande, usiibebe juu ya pikipiki ikiwa bado mbichi, na usiiweke kwenye barafu kabla haijaganda. Afisa mifugo anayetoka Mkinga au Pangani na tyubu zinazogongana mfukoni atakuletea seramu nyekundu kama maji ya rosela, na damu iliyovunjika hivyo inaficha mabonge ya waridi na kukulazimisha kukisia. Tenga seramu ndani ya saa 24 kwa kuizungusha kwenye sentrifuji au kwa kuiacha ijitenge yenyewe usiku mmoja. Seramu hukaa siku chache kwenye jokofu. Zaidi ya hapo igandishwe, lakini damu nzima isigandishwe kamwe.

Vaa glavu wakati wote. Antijeni imekufa, ila seramu ya mnyama au mtu mwenye ugonjwa inaweza kuwa na bakteria hai.

Siku ya kupima

Kanuni zinataka kipimo kifanyike kwenye joto la nyuzi 22, pungufu au zaidi kwa nyuzi 4. Kwa Tanga maana yake ni asubuhi. Kati ya Desemba na Machi, chumba kisicho na kiyoyozi kitapita nyuzi 26 mapema sana, na mchana matone hukauka pembezoni kabla dakika 4 hazijatimia. Pimia alfajiri, au pimia kwenye chumba chenye kiyoyozi ambacho hakipulizi moja kwa moja mezani. Feni izimwe. Najua kauli hiyo haipendwi na mtu yeyote aliyewahi kuketi ndani ya chumba cha bati mjini Ngamiani mwezi wa Februari, lakini upepo wa feni ndio unaokausha ukingo wa tone na kuacha duara la chembe ambalo fundi mgeni ataliita chanya.

Toa kwenye jokofu seramu, kontroli na antijeni kiasi cha saa moja kabla, na uziache mezani mpaka ukigusa chupa usihisi ubaridi. Antijeni baridi hujibu kwa uvivu, na seramu hafifu itapita kama hasi. Usitoe chupa nzima kama una sampuli sita tu. Ipindue chupa ikiwa bado ya baridi, vuta kiasi cha kazi ya siku hiyo pamoja na akiba kidogo, weka kwenye kichupa safi chenye kifuniko, na chupa mama irudi rafuni papo hapo. Kila safari ya kutoka na kurudi inaifupishia maisha. Kilichobaki kwenye kichupa mwisho wa siku humwagwa. Hakirudishwi ndani ya chupa mama hata kama moyo unauma kwa bei yake.

Andaa kigae cheupe au bamba la kioo lililowekwa juu ya karatasi nyeupe, liwe safi na kavu. Mabaki ya sabuni huvuruga kipimo, kwa hiyo suuza kwa maji mengi ya bomba na umalizie kwa maji yaliyochujwa, kisha uache likauke lenyewe badala ya kulifuta kwa kitambaa chenye nyuzi. Andika namba kwa kalamu ya wino usiofutika kando ya kila nafasi.

Sasa weka mikrolita 30 za kila seramu mahali pake, ukianza na kontroli tatu, na ubadilishe ncha ya pipeti kila mara. Kipindue kichupa cha antijeni mara kadhaa tena, maana chembe zinashuka hata ndani ya robo saa, kisha weka mikrolita 30 za antijeni kando ya kila tone la seramu bila kuligusa. Matone yote yakishakaa, yachanganye moja baada ya jingine kwa kijiti safi, ukieneza mpaka upate duara la upana wa sentimita 2 hivi, na uanzishe saa. Binafsi sichanganyi zaidi ya sampuli kumi kwa mara moja pamoja na kontroli zake. Anayejaza bamba zima kwa matone 40 atakuwa anachanganya la mwisho wakati la kwanza limekwisha kukomaa, na dakika 4 zitakuwa hazina maana tena.

Liinamishe bamba huku na huku taratibu kwa mkono au kwa mashine ya kutikisa, kwa dakika 4 kamili. Tumia saa ya simu yenye mlio. Usikadirie kwa kusikiliza redio.

Kwa mbuzi na kondoo vipimo hubadilika: tumia mikrolita 75 za seramu kwa mikrolita 25 za antijeni, kwa kuwa ujazo sawa kwa sawa huwaachia wagonjwa wengi wa wanyama hao wapite. Antijeni ni ile ile, hata kama ugonjwa wao huletwa zaidi na Brucella melitensis, kwa sababu bakteria hao wawili wanafanana ganda.

Kusoma

Soma mara saa inapolia, kwenye mwanga mzuri, ukianzia kwenye kontroli. Hasi hubaki maziwa ya waridi yaliyo sawasawa. Chanya kali hufanya mabonge yanayoonekana hata ukiwa umesimama, na majimaji katikati yake hung'aa. Chanya hafifu hufanya punje ndogo kama chenga za mchele uliotwangwa, mara nyingi zikikusanyika upande ambao bamba limeinamia, na hapo kioo cha kukuzia kinasaidia. Bonge lolote linaloonekana ni chanya. Hakuna nusu chanya, na wala usirefushe muda ili kumpa ng'ombe nafasi ya kuamua. Baada ya dakika 4 tone linaanza kukauka na linasema lolote.

Kontroli hafifu ikishindwa kujibu, au ile hasi ikijibu, matokeo yote ya bamba hilo yatupwe. Rudia kwa kichupa kingine kilichovutwa upya kutoka chupa mama. Ikishindwa tena, chupa mama itolewe kazini, iandikwe kwa kalamu nyekundu ili mwenzako wa zamu asiitumie, na sampuli zisubiri kwenye jokofu. Mfugaji atanung'unika, lakini atakusamehe kwa kuchelewa kwa siku tatu.

Bamba, vijiti na ncha za pipeti viingie kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 30 kabla ya kuoshwa au kuchomwa. Ukiwa na dawa ya kufulia ya dukani yenye klorini asilimia 3.5, ni kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo 6 vya maji, na mchanganyiko huo utengenezwe kila siku.

Chanya inasema nini

Rozi bengali ni kipimo cha kuchuja. Hukamata wagonjwa wengi sana, na kwa sababu hiyo hiyo huwakamata na baadhi ya wasiohusika. Bakteria aitwaye Yersinia enterocolitica wa aina ya O:9 ana mnyororo wa sukari unaofanana mno na ule wa Brucella, na mnyama aliyewahi kukutana naye anaweza kuonekana chanya. Chanjo ya S19 nayo huacha kingamwili ambazo kipimo hakiwezi kuzitofautisha na za ugonjwa, hasa ikitolewa kwa ng'ombe mkubwa badala ya ndama wa kike wa miezi 3 hadi 6. Chanjo ya RB51 haileti tatizo hilo, kwa kuwa bakteria wake hana mnyororo huo. Ndiyo maana fomu ya sampuli isiyo na historia ya chanjo inapaswa kurudishwa ilikotoka.

Fikiria kwa mfano ng'ombe 1,000 ambao 10 tu kati yao ni wagonjwa, na kipimo kinachomkosea mzima mmoja katika kila mia. Utapata wagonjwa wako 10 au pungufu kidogo, pamoja na wazima 10 waliosingiziwa, na ukiwatazama kwenye kigae hutawatofautisha. Kwa hiyo neno la kuandika kwenye ripoti ni «chanya kwa rozi bengali, athibitishwe», na seramu iliyobaki ipelekwe kwenye maabara ya mifugo ya kanda kwa kipimo cha pili, kama vile ELISA ya kushindanisha. Nimewahi kuona ng'ombe akichinjwa kwa tone moja la waridi, na sitaki kuliona tena.

Kwa seramu za watu, antijeni hii hii hutumika kwa ujazo sawa kwa sawa, nayo ni ya kuaminika kuliko zile kit nyingine zilizozagaa kwenye zahanati, ambazo huwapa watu wengi ugonjwa wasiokuwa nao. Hata hivyo mchinjaji, mkamuaji au daktari wa mifugo aliyekutana na bakteria miaka iliyopita anaweza kujibu bila kuumwa sasa. Kwa watu hao zimua seramu mara 2, 4, 8 na 16, uripoti mzimuo wa mwisho uliojibu, na umwachie tabibu aunganishe na homa, jasho la usiku na maumivu ya viungo anayoyaona. Matibabu ni ya wiki 6 kwa dawa mbili, na hayaanzishwi kwa kubahatisha.

Hasi nayo ina mtego wake, na ule mkubwa kuliko yote unamhusu mtamba wa Pongwe tuliyeanza naye. Mnyama anayetupa mimba anaweza kuwa bado hajatengeneza kingamwili za kutosha, akaonekana hasi siku ile ile ambayo kondo lake na majimaji yake yamejaa bakteria kuliko siku nyingine yoyote. Kwenye fomu yake andika hasi, na chini yake andika tarehe ya kurudia, wiki 3 mbele. Mpigie simu mwenyewe: «Shikamoo mzee, jibu la kwanza halikuona kitu, lakini bado hatujamaliza. Mtenge na wenzake, lile kondo kama bado lipo lizike kwa kina na chokaa, usilishike kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe mpaka yafure.» Kisha weka seramu yake ya kwanza kwenye friza, ili siku ya kurudia uzipime zote mbili kwenye bamba moja, kwa antijeni ya kichupa kimoja.